Fulana yenye vihisi kwa mbwa mwenye mvumo wa moyo: inunuliwe au isinunuliwe?

Msomaji wetu wa Mbezi Beach, Dar es Salaam, anaeleza kwamba anafuga mbwa jike mdogo mweupe, chotara wa Maltese, mwenye umri wa miaka 9 na uzito wa kilo 6. Daktari wa mifugo alipokuja kumchanja alisikia mvumo wa moyo, yaani sauti isiyo ya kawaida kati ya mapigo, upande wa kushoto wa kifua, akamwambia kuwa huenda vali (kilango cha ndani ya moyo kinachozuia damu isirudi nyuma) imeanza kuvuja, ingawa mbwa anakula vizuri, anacheza na hakohoi. Dada yake anayeishi Dubai amejitolea kumtumia fulana ya mbwa iliyofumwa kwa nyuzi zenye vihisi, ambayo muuzaji anadai kuwa hupima mapigo ya moyo, pumzi, joto la mwili na mwendo, kisha hutuma taarifa kwenye simu. Anauliza kama fulana hiyo inaaminika, na kama itamwonya mapema moyo ukianza kushindwa kazi.

Nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Katika mambo manne aliyoyataja muuzaji, fulana ya namna hiyo inaweza kupima mawili kwa kiwango cha kuridhisha: mwendo wa mbwa, na idadi ya pumzi zake anapokuwa usingizini. Mapigo ya moyo yapokee kwa tahadhari, hasa mbwa anapotembea, na joto la mwili usilitegemee kabisa. Una bahati kwamba hesabu ya pumzi za usingizini ndiyo hasa inayotakiwa kwa ugonjwa ambao daktari wako anaushuku, na hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe bila fulana yoyote, kuanzia usiku wa leo.

Ugumu wote unaanzia kwenye manyoya. Nguo zenye vihisi zilibuniwa kwanza kwa ajili ya binadamu. Mojawapo ya zile za mwanzo, iliyofumwa mwaka 1996 huko Georgia Tech nchini Marekani chini ya Sundaresan Jayaraman, ilikusudiwa kuvaliwa na askari, ili akipigwa risasi ijulikane imepita wapi na hali yake ikoje. Ngozi ya kifua cha mtu haina kizuizi kikubwa, tena hutoa jasho lenye chumvi, kwa hiyo kipande cha kitambaa kilichofumwa kwa nailoni iliyopakwa madini ya fedha kikiigusa, umeme mdogo unaotoka kwenye moyo hupita bila taabu. Mbwa hana msaada huo. Tezi za jasho za aina ya kwetu anazo kwenye nyayo tu, ngozi ya kifua chake ni kavu, na kati ya ngozi hiyo na kitambaa kuna tabaka la manyoya lililojaa hewa. Umeme wa moyo unaofika juu ya ngozi yake ni wa milivolti chache tu, na kila anapopiga hatua kitambaa huteleza juu ya manyoya na kuzalisha vurugu za umeme zinazoweza kuizidi ishara yenyewe. Kliniki, jambo hili hutatuliwa kwa kumlaza mbwa ubavu wa kulia, kumbana vibanio vilivyolowanishwa kwa jeli au spiriti, na kuwa na mtu wa kumshika ili atulie. Fulana haina mtu wa kumshika.

Watafiti wamejaribu njia mbalimbali za kulipita tabaka hilo. Katika chuo kikuu cha North Carolina State, kundi la Alper Bozkurt na wenzake limetengeneza mikanda ya kifua kwa mbwa wa kazi, wakiwemo wa uokoaji na wale wanaoandaliwa kuwaongoza watu wasioona, ikiwa na elektrodi (vipande vya kunasa umeme wa moyo) zilizoundwa ili zipenye kati ya manyoya na kuifikia ngozi bila kunyoa. Mwaka 2019 kundi la Firat Güder wa Imperial College London lilichapisha njia nyingine, ambayo binafsi naiona ya busara zaidi: badala ya kutafuta umeme walitafuta sauti. Sauti inayotoka mwilini ikikutana na hewa, takriban asilimia 99.9 ya nguvu yake hurudishwa ndani, kwa kuwa nyama na hewa hupitisha sauti kwa namna zinazotofautiana mno. Wao walitengeneza kihisi laini cha silikoni na maji, kinachobonyea na kuijaza mianya ya manyoya huku kikiiondoa hewa, wakaweka maikrofoni nyuma yake, na kwa njia hiyo wakaweza kusikia moyo na pumzi kupitia manyoya ya mbwa. Hata hivyo, kifaa cha maabara na bidhaa ya dukani ni mambo mawili. Tangazo linalotaja utafiti wa chuo fulani halina maana kwamba ndani ya fulana kuna kifaa cha chuo hicho. Mikanda ya kifua ya wakimbiaji nayo imejaribiwa: utafiti wa mwaka 2012 uliona kwamba mkanda wa kampuni ya Polar uliweza kupima ipasavyo mapigo ya moyo ya mbwa wazima, lakini mbwa hao walikuwa wametulia mahali pamoja, na sharti hilo la kutulia ndilo linaloamua karibu kila kitu katika fani hii.

Tuseme hata elektrodi zimegusa vyema na namba zimefika kwenye simu. Bado kuna suala la kuzitafsiri, na hapa ndipo ninapoona wanunuzi wengi wakipotoshwa. Moyo wa mbwa mwenye afya aliyepumzika haupigi kwa vipindi vinavyolingana. Huongeza kasi anapovuta pumzi na hupunguza anapoitoa, wakati mwingine kwa tofauti kubwa kiasi kwamba mtu asiyezoea akimshika mshipa wa paja hushtuka na kudhani moyo unaruka. Kwa mbwa hiyo ni dalili njema, maana inaonyesha kuwa neva inayoutuliza moyo bado ina nguvu juu yake. Moyo unapoanza kushindwa kazi tofauti hiyo hufifia, mapigo yakawa ya kasi na ya kufuatana sawasawa. Programu iliyoundwa kwa kufuata kanuni za saa za mkononi za binadamu inaweza basi kukupigia kengele mbwa akiwa salama, na kunyamaza kimya pale mambo yanapoharibika. Muulize muuzaji kama kanuni zake zilijengwa kwa rekodi za mbwa. Akijibu kwa kuzungukazunguka, umekwisha kupata jibu.

Joto ndilo dai ninalolikataa moja kwa moja. Joto la ndani la mbwa mzima hukaa takriban kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, na homa ni ongezeko la nyuzi moja au mbili tu juu ya hapo. Fulana haifiki ndani. Inapima joto la juu ya ngozi au la manyoya, ambalo hupanda mbwa akilala juani, hushuka akilala kwenye sakafu ya vigae, na hubadilika pia kwa sababu fulana yenyewe imemfunika. Mabadiliko hayo peke yake yanaweza kuimeza tofauti unayoitafuta. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa homa za mbwa mara nyingi hutokana na magonjwa yanayoletwa na kupe, kama vile erlikiosi na babesiosi, na mtu anayesubiri simu imwambie kuwa kuna homa huenda akachelewa kuanza matibabu. Kipimajoto cha kawaida, kikipakwa mafuta kidogo na kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa, kinauzwa kwa bei ndogo na hakibahatishi.

Kuna na upande wa pili wa suala la joto. Mbwa hupoa hasa kwa kutweta, na kutweta hufanya kazi pale tu unyevu wa ulimi na wa njia za hewa unapoweza kukauka. Katika miezi ya joto ya pwani, hewa inaposhiba unyevunyevu, ukaukaji huo huzorota hata kwa mbwa mzima wa afya. Kumvalisha mbwa mwenye moyo wenye hitilafu fulana inayobana kifua saa nane mchana ni kumwongezea joto kwa ajili ya kupata namba ambazo, kama nilivyokwisha kusema, hazina thamani. Ukiamua kuitumia, itumie usiku tu, chumba kikiwa kimepoa.

Sasa nije kwenye pumzi, ambako fulana inastahili sifa yake. Kupima pumzi hakuhitaji kugusa ngozi. Kinachohitajika ni mkanda unaozunguka kifua na kutanuka pamoja nacho, na manyoya hayazuii kifua kutanuka. Baadhi ya watengenezaji hutumia mpira au uzi uliotiwa kaboni au fedha, ambao ukivutwa ukinzani wake wa umeme hubadilika. Wengine hushona waya mwembamba wa mawimbimawimbi ndani ya lastiki, na duara la kifua linapopanuka na kusinyaa, tabia ya umeme ya waya huo hubadilika nayo. Mimi naiamini zaidi njia ya waya, kwa sababu mpira wenye kaboni huchoka: baada ya kuvutwa mara nyingi haurudi sawasawa pale ulipoanzia, na namba huanza kuhama polepole ilhali mbwa hajabadilika chochote. Njia zote mbili huvurugwa na mbwa anayejikuna, anayejitikisa au anayekilalia kihisi chenyewe, lakini mbwa aliye usingizini hafanyi mengi ya hayo, na programu nzuri huziacha dakika zenye fujo ikabakiza zile tulivu. Mbwa akiwa anatweta ni habari nyingine. Kutweta hufikia takriban mara 300 kwa dakika, yaani mara tano kila sekunde, na kifaa kilichotengenezwa kwa kufikiria pumzi za binadamu ama hukihesabu hicho kuwa mtikisiko na kukifuta, ama hukichanganya na mapigo ya moyo.

Kwa nini pumzi ndizo zenye habari katika ugonjwa huu? Vali ya mitrali, iliyoko kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo, ikivuja, sehemu ya damu iliyopaswa kwenda mwilini hurudi nyuma na kuongeza shinikizo katika chumba cha juu, na kutoka hapo hadi kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Shinikizo likivuka kiasi, majimaji huanza kupenya na kuingia kwenye mapafu, nayo yakawa mazito na magumu kutanuka, hivyo mbwa hulazimika kuvuta pumzi fupi na nyingi ili kupata hewa ileile. Ongezeko hilo linaweza kuanza mbwa akiwa bado anakula na kukupokea mlangoni kama kawaida. Mchana halionekani, kwa kuwa mchezo, joto na wageni vyote huongeza pumzi. Usingizini hakuna cha kulificha. Mbwa wengi wenye afya, na hata wenye mvumo ambao moyo wao bado unamudu kazi, hupumua chini ya mara 30 kwa dakika wakiwa wamelala, na wengi wao hawafiki 25. Kinachotisha ni namba inayovuka 30 kwa kujirudia, au inayopanda usiku baada ya usiku kutoka kwenye kawaida ya mbwa husika, hata kabla haijafika 30.

Kuhesabu kwa macho ni rahisi, ila kuna mambo madogo yanayoharibu hesabu. Subiri mbwa alale kweli, lakini usihesabu akiwa anaota, pale miguu inaporushwarushwa na midomo kuchezacheza, maana pumzi za wakati huo hazina mpangilio. Tazama mahali mbavu za mwisho zinapokutana na tumbo. Kupanda na kushuka ni pumzi moja, si mbili. Hesabu kwa sekunde 30 ukitumia saa ya simu, kisha zidisha kwa mbili. Kwa mbwa wa manyoya marefu kama wako, feni hudanganya macho kwa sababu huyapeperusha manyoya ya ubavuni, kwa hiyo izime kwa dakika hiyo moja, usiiache imezimwa hadi chumba kikapata joto akaanza kutweta. Usimguse wala kumwita. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki mbili ili uijue kawaida yake, uandike tarehe na namba kwenye kalenda, kisha endelea mara moja au mbili kwa wiki, au kila siku kama daktari atakuambia moyo umeanza kutanuka.

Hilo la moyo kutanuka ndilo lingekuwa la kwanza kwenye bajeti yangu. Mvumo peke yake hauonyeshi ugonjwa umefika wapi. Madaktari wa mifugo huugawa katika hatua, na kwa mbwa asiye na dalili hatua zinazohusika ni B1, ambapo vali inavuja lakini moyo haujatanuka kwa kiasi kinachotakiwa kutibiwa, na B2, ambapo umetanuka. Utafiti uitwao EPIC, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mbwa wa hatua ya B2 waliopewa dawa ya pimobendan walikaa muda wa kati (yaani ule ambao nusu yao waliuvuka) wa siku 1,228 kabla ya moyo kushindwa kazi au kuwaua, wakati wenzao wasioipata walikaa siku 766. Tofauti hiyo ni ya takriban miezi 15. Kwa mbwa wa B1 miongozo ya wataalamu wa moyo haipendekezi dawa. Hakuna fulana inayoweza kuitenganisha B1 na B2. Hutenganishwa kwa ultrasaundi ya moyo, na pale ultrasaundi isipopatikana, eksirei ya kifua ambayo daktari huitumia kulinganisha urefu na upana wa moyo na pingili za uti wa mgongo husaidia sana. Kama fedha zako, au za dada yako, zinatosha kwa kimoja tu, basi ziende kwenye kipimo hicho na fulana isubiri.

Kama zinatosha kwa vyote viwili, na ukapenda usaidizi wa fulana kwa kuwa unafanya kazi za zamu au unasafiri, sina pingamizi, mradi uyaangalie yafuatayo. Maneno kama «imethibitishwa kitabibu» yasikubabaishe: hata nchini Marekani, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, haidai vifaa vya tiba vya wanyama vipate idhini kabla ya kuuzwa, tofauti na ilivyo kwa vingi vya binadamu, kwa hiyo ushahidi uko mikononi mwa mtengenezaji mwenyewe. Muulize ilijaribiwa kwa mbwa wangapi, wa ukubwa na manyoya ya aina gani, na ililinganishwa na kipimo gani. Uliza pia kama inaendelea kuhifadhi namba simu ikiwa mbali au umeme ukikatika, na kama kuna ada ya kila mwezi ambayo usipoilipa fulana inabaki kuwa nguo tu. Ikifika, ijaribu kwa hesabu yako: usiku kadhaa mfululizo, hesabu kwa macho huku fulana nayo ikihesabu, na kama mnapishana mara kwa mara kwa zaidi ya pumzi mbili au tatu kwa dakika, irudishwe mapema, muda wa kurudisha bidhaa ukiwa haujaisha.

Mkanda ukae nyuma kidogo ya viwiko vya miguu ya mbele, na vidole viwili vipite chini yake bila kulazimisha. Kila asubuhi ukimvua, inua mguu wa mbele utazame kwapani kama kuna wekundu, unyevu au manyoya yaliyosokotana, na upapase kutafuta kupe, ambao hupenda mahali palipofunikwa. Ukimtia dawa ya kupe ya matone ya mgongoni, usimvalishe hadi ikauke kabisa. Katika kufua, kitoe kwanza kile kifaa kigumu chenye betri, tumia sabuni laini ya maji, na Jik isiikaribie, kwa kuwa klorini huila fedha iliyo juu ya nyuzi. Usiikamue kwa kuisokota. Katika nguo hizi sehemu inayokufa kwanza mara nyingi ni pale uzi laini unapoungana na kifungo kigumu cha chuma cha kubania kifaa: kila mkamuo hukata nyuzi moja mbili, na hewa ya chumvi ya baharini hukitia kifungo kutu. Ukiona namba zinakatika kila mbwa anapogeukia upande mmoja, kagua maungio hayo kabla ya kumlaumu mbwa au simu.

Ikitokea namba imevuka 30, iwe ya fulana au ya macho yako, hakikisha chumba kimepoa, usubiri kama saa moja, uhesabu tena akiwa amelala. Ikibaki palepale, mpigie daktari siku hiyohiyo, na kama unaweza mtumie video ya sekunde 30 inayoonyesha ubavu wa mbwa pamoja na rekodi ya kalenda yako, kwa kuwa vitu hivyo viwili vitamsaidia zaidi kuliko michoro ya rangi ya programu. Lakini ukimwona anakataa kulala chini, anakaa amenyoosha shingo na kutanua viwiko, ameanguka na kuzimia, au fizi zake zimegeuka kijivu au bluu, acha kuhesabu; mvue fulana, mbebe bila kumtembeza, usimlazimishe kunywa chochote, umpeleke kliniki usiku huohuo huku mtu mwingine akimpigia daktari simu mkiwa njiani.